NJIA YA NGUZO NI YETU SOTE

Ndugu Wafanyakazi,

Mto Turkwel wapita hapa Lodwar, mlangoni petu. Bwawa lake lilianza kutoa umeme mwaka 1991, megawati 106. Umeme ule ulitiwa katika nyaya ukapelekwa Lessos, na Lodwar ikaachiwa mitambo ya dizeli kwa miaka mingi. Maji yakateremka kwetu, stima ikapanda kwa wengine.

Kakuma nako twajua hali. Wako wenye jenereta wanaowauzia majirani stima. Fundi cherehani hulipa bei apendayo mwenye mashine, na mashine ikizimwa, kazi imekwisha. Hatumlaumu mwenye jenereta. Yeye alikuta pengo akaliziba.

Dawa ni ushirika: walipaji wa stima wawe ndio wenye mtambo, wakimbizi na wenyeji pamoja. Haya si ndoto. Urambo, Tanzania, watumiaji walijiunga miaka ya 1990 wakauendesha umeme wa mji wao. Marekani, sheria ya 1936 iliwakopesha wakulima walioachwa gizani na makampuni, wakajenga nyaya zao wenyewe. Nasi jua tunalo, halitoki Nairobi.

Lakini mtambo usio na njia ya nguzo ni kisima kisicho na kamba. Barabara kuu ya Lodwar na Kakuma ni ya taifa, lakini njia za ndani ya miji ni za kaunti. Tena Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imetaja usambazaji wa umeme kuwa kazi ya kaunti. Basi mtu asituambie, "Jambo hili si letu."

Wengine watauliza: nguzo zikianguka je? Tunajibu: anayepanda nguzo ni mfanyakazi, na anayezikwa ni mfanyakazi. Sisi ndio wa kwanza kutaka leseni, mafundi wenye vyeti, na ukaguzi.

Watauliza tena: mnataka bure? La! Hatuombi sadaka. Lakini Februari 2025 kaunti ya Nairobi na Kenya Power waligombana juu ya ada za njia na madeni ya stima, hata takataka zikamwagwa mbele ya Stima Plaza. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Ushirika mchanga hauwezi kuanza katika ugomvi kama huo. Ada iandikwe kabla ya nguzo ya kwanza kusimama.

Kwa hiyo tunadai:

1. Ushirika wa umeme upewe ruhusa ya kupitisha nyaya kando ya njia za miji kwa masharti yale yale apewayo mwingine.

2. Ada iwe moja kwa wote, nayo itangazwe hadharani.

3. Ombi lijibiwe kwa maandishi, na likikataliwa, sababu itolewe.

4. Nje ya mji, penye ardhi ya jamii, wenye ardhi waulizwe kwanza, si baada ya mashimo kuchimbwa.

Ndugu, jambo hili lipelekeni katika mkutano wa tawi lenu. Asiyeomba njia hupitiwa juu.

Umoja ni nguvu!