Habari yote imo kwenye oili chafu

KUTOKA KIVULE
Na Rajabu Kilindo

Jumapili moja ya mwezi uliopita jirani yangu alinikuta nimechuchumaa uani, beseni chini ya pikipiki, mikono myeusi mpaka viwikoni. Akaniuliza swali ninaloulizwa kila mara: "Mzee mwenzangu, fundi anamwaga oili kwa Sh2,000, wewe unajitesa nini?" Hata hiyo Sh2,000 ni kwa fundi ambaye hukununua oili kwake. Ukinunua kwake, mara nyingi anakumwagia bure. Kwa hiyo hoja ya kubana matumizi tuiweke kando mapema. Sijichafui ili kuokoa hela ya soda.

Najichafua kwa ajili ya oili inayotoka.

Simama kwenye gereji yoyote ya pikipiki, kuanzia Gerezani mpaka huku kwetu, uangalie kazi inavyokwenda. Pikipiki inaingia, bolti ya chini inafunguliwa, oili ya zamani inadondokea kwenye dumu lililokatwa nusu, au mchangani moja kwa moja. Mwenye chombo yuko kwenye simu. Ya zamani haijaisha kuchuruzika, chupa mpya imeshafunguliwa. Dakika tano, mteja anaondoka akijua jina la oili aliyowekewa na bei yake. Alichotolewa hakijui. Ni kama kwenda maabara, ukatolewa damu, mtu wa maabara akaimwaga kwenye sinki, kisha akakupa vidonge na kukutakia safari njema.

Wenye magari wanaweza kumudu uzembe huo kidogo. Gari dogo linabeba oili lita tatu na nusu au nne, na giaboksi ina oili yake. Pikipiki zetu nyingi za cc 125 na 150, kina Boxer, kina TVS na zile za Kichina zenye injini ya mtindo wa Honda CG, zinabeba lita moja au lita moja na kidogo. Lita hiyo moja inalainisha pistoni, inalainisha gia, na klachi nayo imo humohumo, inaogelea. Rejeta hakuna, joto linaondolewa na upepo na oili hiyohiyo. Injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 100 kwa kila sekunde. Sasa toa robo lita. Kwenye gari robo lita ni upungufu wa kuongezea ukipata nafasi. Kwenye pikipiki umeondoa robo ya kila kitu.

Somo hili nimelilipia. Pikipiki yangu ya kwanza niliipeleka kwa fundi mmoja kila mwezi, zaidi ya mwaka, bila kuruka hata mwezi. Nilijiona mtu makini. Jioni moja natoka Chanika na gunia la mkaa nyuma, injini ikaanza kulia kama imeishiwa pumzi, kisha ikakaba na tairi la nyuma likagoma kuzunguka. Nikaisukuma. Ilipofunguliwa, ringi zilikuwa zimeisha na silinda imekwaruzika kama imepitishwa msumari. Fundi yuleyule akatikisa kichwa: "Mzee, humu oili ilikuwa nusu."

Nusu! Mwezi uliotangulia aliweka lita nzima kwa mkono wake. Injini ilikuwa inakula oili polepole kwa miezi, bila moshi wa kutisha, na kila mwezi ushahidi ulidondoka chini mbele yetu sote wawili. Kama mtu mmoja angeupima mara moja tu, ningebadilisha ringi. Badala yake nililipia injini. Simtaji fundi, maana na mimi nilikuwa kwenye simu.

Tangu hapo namwaga mwenyewe, nyumbani, kwenye beseni jeupe. Weupe wa beseni umeleta maneno na mke wangu, lakini kwenye beseni jeusi huoni kitu. Kwanza naiwasha pikipiki dakika tatu nne, oili ipate moto kidogo na kubeba uchafu uliokaa chini. Isiwe imetoka safari ndefu, itakuunguza. Naisimamisha kwa stendi ya kati, nalegeza kifuniko cha juu ili hewa ipite, kisha bolti ya chini kwa spana ya 17. Hiyo ni namba ya kwangu, yako inaweza kuwa nyingine. Halafu naiacha. Robo saa nzima. Fundi mwenye foleni ya wateja hawezi kukupa robo saa, na simlaumu, lakini tone la mwisho ndilo chafu kuliko yote.

Hapo sasa ndipo ninaposoma. Weusi peke yake haunishtui. Watu wengi huchomoa kijiti cha kupimia, wakaona nyeusi, wakapiga kelele, lakini oili yenye dawa ya kusafisha inatakiwa ibebe masizi. Kuwa nyeusi maana yake inafanya kazi. Ninachotafuta ni vitu vingine. Rangi ya chai ya maziwa inaniambia maji yameingia, na kwa jiji hili si ajabu: mvua za masika mtu anaipitisha pikipiki Jangwani maji yakiwa juu ya eksozi, kesho anaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. Oili ya namna hiyo haisubiri kilomita, inamwagwa siku hiyohiyo. Harufu kali ya petroli na oili nyepesi kama maji inaniambia karbureta inavujisha, petroli inashuka kwenye injini. Nachukua kidogo kati ya vidole viwili, nasugua juani. Unga laini unaometa mara mojamoja si msiba, hasa kwa injini mpya; ndiyo maana oili ya kwanza kabisa inamwagwa mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000. Lakini ukikuta vipande unavyovisikia kwenye ngozi, usiweke oili mpya. Mwite fundi aliye bora kuliko mimi.

Kisha napima. Chupa tupu ya lita moja ya safari iliyopita ina mistari ubavuni. Namiminia humo oili chafu kwa faneli na kuandika kwenye kalenda ya ukutani. Mwezi wa kwanza zilitoka mililita 950. Wa pili, 940. Siku nitakapoona 800, nitajua ringi zinaniaga, na nitajua zikiwa bado kwenye bei ninayoimudu. (Siku hizi navaa glavu, au mifuko ya plastiki. Ile Jumapili nilisahau. Oili iliyotumika si nzuri kwa ngozi, na chupa nyingi zimeandika onyo hilo nyuma kwa herufi za sisimizi.)

Kurudishia ni kazi ndogo yenye mtego mmoja. Tumbo la injini ni aluminiamu, bolti ni chuma. Ukikaza kwa hasira, au ukisimama juu ya spana kama nilivyowahi kuona, meno ya aluminiamu yanakatika na umejinunulia safari ya kwa mchongaji. Washa ya bolti iwe nzima, kaza kwa mkono mmoja, basi. Oili yenyewe, nyingi za hapa kwetu zinataka 20W-50 iliyoandikwa 4T, yaani ya injini ya mipigo minne. Na utafute herufi JASO MA au MA2 kwenye chupa. Hicho ni kipimo cha Kijapani, kilianza mwaka 1998, cha kukuhakikishia kwamba oili inafaa klachi inayoogelea ndani yake. Baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano: utavuta mafuta, injini italia, pikipiki itabaki palepale. Ukimaliza, iwashe dakika moja, izime, subiri kidogo, kisha pima kwa kijiti au kioo chake ikiwa wima.

Vijana wa bodaboda watasema haya ni ya wazee wenye Jumapili. Tuhesabu basi. Kijana anayezunguka kilomita 120 kwa siku anafika 2,000, wakati wa kumwaga, kabla ya wiki tatu kuisha. Mita ya kilomita kwenye pikipiki nyingi za kijiweni ilikufa zamani, kebo imekatika na hakuna aliyeona sababu ya kuirudishia, kwa hiyo oili inahesabiwa kwa kumbukumbu. Na kumbukumbu ya nani? Asubuhi anaendesha mwenyewe, usiku deiwaka. Kama pikipiki ni ya mkataba, walau kijana anajua injini itakuwa yake. Kama ni ya hesabu, Sh10,000 au zaidi ya chupa ya oili inatoka kwenye ugali wake kwenda kutunza mali ya mtu mwingine. Ningekuwa yeye, huenda na mimi ningesema "bosi, nimemwaga juzi."

Kwa hiyo wewe bosi, mwenye pikipiki mbili tatu barabarani, acha kudai risiti ya oili mpya. Risiti inaandikwa na yeyote. Toa hela ya oili wewe, na umwambie kijana akuletee chupa ya iliyotoka. Chupa hiyo itakueleza kama imemwagwa kweli, kiasi gani, na ina hali gani. Si rahisi kuighushi oili ya kilomita 2,000.

Ile mpya ndiyo inayoghushiwa. Chupa tupu za majina makubwa zina soko, zinajazwa kitu kilichochujwa na kupewa kifuniko kipya. Ndiyo maana chupa yangu, ikimaliza kupima oili chafu, natoboa kitako chake kwa msumari wa moto kabla haijaenda jalalani.

Na oili chafu yenyewe? Hapa sina majibu mazuri. Naijaza kwenye dumu la lita 20. Mafundi ujenzi wananiomba ya kupaka mbao za zege, wengine wanapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, na mchwa wa Kivule si wa mchezo. Nawapa, huku nikijua mvua itaiosha baadhi. Kwenye cheni siiweki, imejaa masizi na unga wa chuma. Mtaroni siimwagi, maana mtaro wetu unakwenda bondeni na bondeni kuna visima. Kisheria oili iliyotumika ni taka hatarishi, lakini mtu mwenye lita yake moja mkononi hana pa kuipeleka kwa miguu yake. Vituo vya mafuta vinaniuzia mpya kwa tabasamu. Niliuliza kwenye vitatu vya barabara yetu kama vinapokea ya zamani, vyote vikacheka. Baraza la mazingira, NEMC, liweke sharti jepesi tu: anayeuza lita mpya awe na pipa la kupokea lita chafu. Pipa moja kila kituo, lenye kifuniko.

Dumu langu limebaki lita mbili lijae. Jumapili hii ni zamu ya kumwaga tena, na yule aliyeazima spana yangu ya 17 mwezi uliopita anajijua. Airudishe kabla ya saa mbili asubuhi.