Wajibu kwa Mgeni Hauishii Mlangoni

Kila Agosti vyuo vikuu vya Marekani hupokea wanafunzi wapya kutoka nje, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Hazipiti siku nyingi, mgeni anaalikwa kwenye nyumba ya chama cha udugu cha wanafunzi (fraternity), yenye herufi za Kigiriki juu ya mlango. Humo hupewa kikombe chekundu cha plastiki chenye kinywaji asichojua kimechanganywa na nini. Sheria inakataza pombe kwa aliye chini ya miaka 21, lakini mara nyingi hakuna anayemuuliza umri.

Hatuvipingi vyama hivi. Alpha Phi Alpha, kilichoanzishwa na wanafunzi Weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, kilikuwa na Martin Luther King Jr. miongoni mwa wanachama wake. Tunachokipinga ni udugu unaomtazama ndugu akifa.

Tarehe 2 Februari 2017, Timothy Piazza, Mmarekani wa miaka 19, alinyweshwa pombe mfululizo usiku wa kupokewa katika chama cha Beta Theta Pi cha Chuo Kikuu cha Penn State, jimboni Pennsylvania. Akaanguka kwenye ngazi. Kamera za nyumba hiyo zilinasa wenzake wakimlaza kwenye kochi na kumvisha begi mgongoni ili asilale chali akapaliwa na matapishi. Zilipita karibu saa 12 ndipo wakaita msaada. Alifariki tarehe 4.

Ikiwa mwenyeji alitendewa hivyo, mgeni asiye na jamaa wala wakili atategemea nani?

Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 2018, inayobeba jina la kijana huyo, inamkinga anayeita msaada kwa nia njema. Desemba 2024 serikali kuu ikavilazimisha vyuo kuchapisha taarifa za mateso ya aina hii wanayofanyiwa wanaojiunga na vyama. Hatua hizo ni njema, ila hazitoshi. Chuo kilichopokea karo ya mgeni kina wajibu wa kumweleza ana kwa ana, wiki ya kwanza, ni vyama gani vimeadhibiwa na kwa kosa gani. Viongozi wa chama nao wajue kwamba aliyemwalika mtu anawajibika kwa uhai wake mpaka afike kwake salama.

Nanyi vijana wetu mlioko huko: mwenzenu akianguka, msisubiri ruhusa ya mkubwa wa chama, wala hofu ya viza isiwafunge mikono. Pigeni 911, namba ya dharura, papo hapo, na mbaki naye mpaka msaada ufike.