Epulu: Mashini ya kupumulia inataka umeme usiku mzima, umeme utatoka wapi?

Ikifika saa nne za usiku hapa Epulu, wilaya ya Mambasa, gurupu za maduka kando ya barabara ya taifa namba 4 zinazimwa moja moja. Kinachobaki ni mlio wa maji ya mto na vyura. Lakini katika nyumba ya baba yangu mdogo kuna sauti nyingine ndogo, kama upepo unaopita kwenye tundu la dirisha. Ni mashini inayompulizia hewa puani wakati amelala. Inatakiwa ifanye kazi mpaka asubuhi. Miezi ya kwanza batri ilikuwa inakufa saa nane za usiku, na muda kidogo baadaye nyumba nzima inaamshwa na kukoroma kwake.

Baba mdogo aliendesha malori ya Bunia–Kisangani kwa miaka mingi. Mwaka jana watoto wake walimpeleka Kampala, akapimwa usiku mmoja akiwa amelala. Pumzi yake ilikuwa inakatika zaidi ya mara 40 kila saa. Alirudi na mashini ndani ya kifuko. Majirani walikuja kuiona. Wengine walifikiri ni ya kuchaji simu, wengine walinong'ona kwamba mzee amefikia mwisho.

Hatuandiki habari hii kwa ajili yake peke yake. Kuzoea mashini ya namna hii ni kazi ya mgonjwa, hilo ni kweli. Lakini katika Ituri ni kazi pia ya nyumba nzima, ya waganga na ya wale wanaotuongoza. Mtu anaweza kuzoea maski. Hawezi kuzoea batri iliyokufa.

Ni ugonjwa gani huu?

Waganga wanauita apinea ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengine njia ya hewa inajifunga kabisa kwa sekunde 10, 20, hata zaidi ya 30. Kifua kinajaribu kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni ya damu inashuka, ubongo unashituka, mtu anaamka nusu, anavuta pumzi kwa nguvu kama aliyezuka kutoka majini, halafu analala tena. Asubuhi hakumbuki kitu. Anajua tu kwamba amechoka na kichwa kinauma.

Pumzi ikikatika mara 5 hadi 15 kwa saa, ugonjwa ni mwepesi. Kati ya 15 na 30 ni wa katikati. Kuanzia 30 ni mkali. Ule mkali unaendana na presha ya damu iliyo juu, magonjwa ya moyo na kiharusi. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba watu karibu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu, mwepesi au mkali. Wengi wao hawajui.

Hapa kwetu ugonjwa unajificha nyuma ya maneno matatu tunayoyasikia kila siku.

Neno la kwanza ni hili: "Analala muzuri, sikia vile anakoroma." Hapana. Kukoroma kwa nguvu kunakofuatwa na kimya, halafu mtu anashituka kama anayesongwa, hakuonyeshi usingizi mzuri.

Neno la pili ni malale. Nchi yetu ndiyo imebeba wagonjwa wengi zaidi wa malale kuliko nchi zote, basi mtu akisinzia mchana watu wanafikiri mbung'o. Ni vizuri kupima malale, kwa sababu malale yanaua, na tangu mwisho wa 2018 kuna vidonge vya feksinidazoli ambavyo majaribio yake makubwa yalifanyika hapa Kongo. Lakini kipimo cha malale kikionyesha hakuna kitu, isiishie hapo. Uliza pia mtu huyo analala namna gani.

Neno la tatu ni kulogwa: "Kuna kitu kinamukaba usiku." Ni kweli kuna kitu kinamkaba. Ni koo lake mwenyewe.

Mashini inafanya nini, na haifanyi nini

Mwaka 1981 mganga mmoja wa Australia, Colin Sullivan, na wenzake walitangaza kwamba wametibu wagonjwa watano kwa kuwapulizia hewa puani usiku kucha. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa alikuwa anatobolewa shimo kwenye koo. Wazo la Sullivan lilikuwa rahisi: kama koo linajifunga, basi hewa yenye msukumo kidogo ilizuie lisijifunge. Mpaka leo mashini zinafanya kazi hiyo hiyo.

Inafaa hili lieleweke vizuri, maana baada ya Korona ya 2020 watu wengi wakiona maski na bomba wanafikiri ni mtu anayekata roho. Hii si ile mashini ya chumba cha wagonjwa mahututi. Haitoi oksijeni. Inachukua hewa ile ile ya chumbani, inaichuja na kuisukuma. Umeme ukikatika, mgonjwa hafi pale pale. Maski ina matundu, na mwenyewe anaweza kuivua. Anarudi tu kwenye hali yake ya zamani, ya kukoroma na kukatika pumzi. Lakini akirudi huko kila usiku, ni kama hana mashini.

Kuzoea si siku moja

Baba mdogo aling'oa maski usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Alisema anajisikia kama mtu aliyetoa kichwa nje ya dirisha la lori linalokimbia. Baadaye mashini ilikaa wiki tatu ndani ya kifuko, chini ya kitanda. Si yeye tu. Hata katika nchi tajiri wagonjwa wengi wanaiacha. Kule Marekani, bima ya wazee inahesabu kwamba mtu anaitumia vizuri akiivaa angalau saa 4 kwa usiku, kwa siku 70 katika kila 100. Yaani hata wao hawategemei mtu awe mkamilifu.

Kilichomsaidia mzee wetu ni vitu vidogo. Kwanza, alianza kuivaa mchana, amekaa kwenye kiti, anasikiliza radio, dakika 20, halafu nusu saa. Pili, watoto walisoma kitabu cha mashini na kukuta kwamba inaweza kuanza na msukumo mdogo na kupanda polepole mtu akisinzia. Tatu, maski ilikuwa kubwa mno. Hewa ilikuwa inavuja mpaka machoni. Kukaza mikanda kulileta vidonda tu puani. Maski ya kipimo chake ndiyo iliyomaliza shida hiyo.

Nne ni usafi. Nyumba zetu zina moshi wa kuni na vumbi la barabara. Kichujio cha hewa kinajaa haraka, kinatakiwa kuangaliwa kila wiki. Maski inaoshwa kwa sabuni laini kila asubuhi, na bomba linaoshwa na kutundikwa juu likauke, mende wasiingie.

Tano ni mama mdogo, bibi yake. Ndiye aliyekuwa anamwamsha na kumrudishia maski bila kumgombeza. Bila yeye, mashini ingekuwa bado chini ya kitanda.

Hesabu ya umeme

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Mashini ya kawaida, bila kupasha maji, inakula umeme mdogo, mara nyingi wati 30 au chini yake. Tukihesabu wati 30 kwa saa 8, ni wati-saa 240 kwa usiku. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100, ile ya asidi tunayoijua wote, ina kama wati-saa 1200, lakini usiimalize kupita nusu kama unataka idumu. Kwa hesabu hiyo, ikiwa nzima na imejaa, inaweza kutoa siku mbili.

Kwa nini basi ya mzee ilikuwa inakufa saa nane? Sababu zilikuwa tatu. Batri ilikuwa imezeeka. Jioni ilikuwa inachaji simu za jirani na kuwasha televisheni. Na kisanduku cha maji cha mashini kilikuwa kinapashwa moto usiku kucha, jambo ambalo linaweza kuongeza ulaji mara mbili au zaidi. Kisanduku hicho kinasaidia pua isikauke pale ambapo hewa ni kavu. Lakini hapa ni msituni, hewa ya usiku ina unyevu wa kutosha. Walipozima ule moto, pua haikukauka, na batri ikafika asubuhi. Tena waliamua kwamba batri ya mashini haiguswi na mtu mwingine. Ukiona jambo hilo ni dogo, jaribu kumkatalia jirani kuchaji simu!

Bado kuna mvua. Pano ya wati 100 ikipata jua zuri inarudisha umeme wa usiku mmoja. Siku tatu za mawingu mfululizo, hesabu inavunjika. Wengine watasema washe gurupu. Mbali na bei ya esanse, tunaonya: gurupu isiwashwe kamwe ndani ya nyumba au kwenye veranda iliyofungwa. Moshi wake unaua watu wakiwa usingizini, na hakuna mashini ya kupumulia itakayowaokoa.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Mashini nyingi zinazotufikia zimetumiwa na mtu mwingine Ulaya au Marekani. Msukumo wake ulipangwa kwa koo la mtu huyo, si lako. Na mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziita tena mamilioni ya mashini zake kwa sababu sponji ya ndani ilikuwa inaweza kuvunjika na kuingia katika hewa ya kupumua. Ndugu akikutumia mashini, mwambie kwanza aulize namba yake kama imo kwenye orodha hiyo.

Jambo linalotuhusu wote

Mtu anaweza kuuliza: jimbo lina vita, wakimbizi, Ebola imeshapita hapa, na ninyi mnaongea habari ya kukoroma? Swali ni la haki. Jibu letu ni barabara.

Malori yanayotoka Bunia kupitia Komanda, Mambasa, Epulu na Niania yanaendeshwa na watu wanaolala ndani ya kabini, au chini ya gari, siku nyingi wakisubiri matope yakauke au njia iwe salama. Shofere mwenye apinea kali anaweza kulala saa 8 na kuamka kama hajalala. Anashika usukani. Nyuma yake kuna tani za mizigo, na juu ya mizigo kuna akina mama na watoto. Ajali ikitokea tunasema breki, tunasema ulevi, tunasema shetani. Ni nani anayeuliza kama shofere huwa anasinzia? Baba mdogo anakiri leo kwamba zaidi ya mara moja alijikuta gari liko kwenye majani bila kujua limefikaje.

Na usalama wenyewe unaingia humo. Epulu haijasahau alfajiri ya Jumapili 24 Juni 2012, wakati Maimai Simba wa Morgan waliposhambulia kituo, wakaua watu na okapi, na wakaaji wakakimbilia msituni. Wilaya yetu ya Mambasa bado inajua kukimbia. Mashini ina uzito wa kilo moja au mbili, mtu anaweza kukimbia nayo. Batri na pano zinabaki.

Nini kifanyike

Hatuombi kila kijiji kiwe na chumba cha kupima usingizi kama vile vya hospitali kubwa za Nairobi. Tunaona mambo matatu yanayowezekana hata kesho.

La kwanza, vituo vya afya viulize maswali mawili kwa kila mgonjwa wa presha na kila shofere: unakoroma? unasinzia mchana? Na swali la kwanza wamuulize bibi yake, ndiye anayejua. Kile chombo kidogo cha kubana kidole kupima oksijeni, kikiangaliwa mtu akiwa amelala, hakitoi jibu la mwisho, lakini kinaweza kuonyesha nani apelekwe mbele.

La pili, vyama vya mashofere na wamotari vikubali kwamba anayesinzia si mvivu wala mlevi. Akiogopa kunyang'anywa gari atanyamaza, na kunyamaza kwake kutatuua sisi abiria.

La tatu ni kwa viongozi. Umeme unapopangwa, unahesabiwa kwa maduka na viwanda. Uhesabiwe pia kwa vitanda. Pano chache zenye batri nzuri kwenye kituo cha afya, mahali mgonjwa anapoweza kuchaji batri yake siku za mvua, hazigharimu kama barabara.

Kwa asiye na mashini, yapo ya kufanya wakati anasubiri: kulala ubavu badala ya chali, kuinua kichwa cha kitanda, kuacha lotoko na vidonge vya usingizi jioni, kupunguza uzito kama umezidi. Kwa ugonjwa mkali hayo hayatoshi, lakini ni bora kuliko kukaa bure.

Juzi asubuhi tulimkuta baba mdogo ameamka kabla ya jua, anapangusa maski yake. Tukamuuliza usiku ulikuwaje. Hakuzungumza habari ya pumzi wala ya mashini. Alitoka nje kwanza, akaangalia juu kama kuna mawingu.