Muhogo Usifungiwe

Hapa Kakanda wako watu ambao, wakiona majani ya muhogo yamejikunja, husema: "Ni shauri la Mungu." Sisi twakataa. Batobato ni ugonjwa wa virusi. Huletwa na inzi weupe wadogo, tena na vipande vya miti migonjwa tunavyopanda kwa mikono yetu wenyewe.

Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba wamerekebisha jeni mbili za muhogo: ugonjwa wa michirizi kahawia ulipungua mizizini, lakini haukwisha. Mwaka ule ule wengine walijaribu kuvikata virusi vya batobato ndani ya mmea. Hawakufaulu; baadhi ya virusi vilibadilika, visikatike tena. Basi mtu asitudanganye kwamba mbegu ya namna hii ni sumu, wala kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Ijaribiwe mbele ya macho yetu, katika mashamba yetu.

Lakini neno letu kubwa ni hili. Muhogo hupandwa kwa kipande cha mti, na jirani humkatia jirani bila bei. Shaba ya udongo huu hutolewa kwa hati za wenye nguvu. Muhogo usifuate njia hiyo. Mbegu ambayo mkulima hawezi kumgawia mwenzake si msaada, ni deni.