Toleo na Siku ya Kuachwa Kwake

Ratiba ya programu huria ni ahadi yenye tarehe mbili: siku toleo litakapotoka, na siku watunzaji watakapoacha kuziba matundu yake. Wengi huitazama ya kwanza, ilhali ya pili ndiyo iumizayo.

Ubuntu, mfumo endeshi huria ulioanza Oktoba 2004, hutoa toleo kila Aprili na Oktoba. Nahodha wa jahazi angeuelewa utaratibu huo mara moja: msimu ukifika chombo hung'oa nanga, na mzigo uliochelewa hungoja msimu mwingine. Toleo la Aprili ya kila mwaka wa shufwa hutunzwa miaka 5. Yaliyobaki huachwa baada ya miezi 9.

Itazamwe basi saiba ya Magogoni, Kisauni. Siku za mwisho wa Juni foleni hufika barazani, kila mtu na PIN yake ya KRA kwenye kijikaratasi, kwa kuwa ritani ya kodi mwisho wake ni tarehe 30. Mwenye saiba aliyeweka toleo la Oktoba hukuta matunzo yake yakatika Julai, kwa hiyo inambidi ahame katikati ya msongamano huohuo, na printa iliyochapa jana huenda ikagoma leo. Toleo la miaka 5 lamwepushia balaa hilo. Wala asilikimbilie Aprili lingali bichi: sahihisho la kwanza hutoka Agosti hivi, wateja wamekwishapungua, na hapo ndipo mfumo wenyewe humwalika aliye kwenye toleo refu la zamani ahamie jipya.

Katika afya hesabu ni nzito zaidi. Kenya yakusanya takwimu za hospitali na zahanati kwa programu huria ya DHIS2 tangu 2011, na watunzaji wa programu hiyo huhudumia matoleo matatu ya karibuni tu. Bajeti isiyo na fungu la kuhama haijakamilika.

Matunzo marefu yana gharama, kwani tundu moja likigunduliwa leo lazima lizibwe katika kila toleo la zamani lililo hai. Mwaka 2023 hata watunzaji wa kiini cha Linux walitangaza kuyashusha kutoka miaka 6 hadi 2, maana mikono ni michache na kazi inawachosha.

Vijana wa Kisauni waandikao programu huria na waziweke tarehe zote mbili mahali pa kuonekana. Wakiwa wawili tu, wasiahidi miaka 5. Waahidi mmoja, na wautimize.