Kuta Zisizofika Paani

Aliyewahi kuishi katika nyumba ya kupanga anajua jambo hili: kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, lakini kuta zisipofika paani, ugomvi wa chumba cha kwanza husikika hadi chumba cha sita. Kutengwa ni jambo moja, kusitiriwa ni jingine. Ndivyo ilivyo pia katika mitandao inayobeba taarifa zetu.

Taasisi inapokodi laini ya kuunganisha makao makuu na matawi yake, mara nyingi haipewi waya wa peke yake. Mtoa huduma husafirisha mawasiliano ya hospitali, benki, chuo na halmashauri kupitia nyaya na swichi zilezile za Ethaneti. Kinachowatenganisha ni lebo, yaani namba inayobandikwa kwenye kila fremu ya data ili swichi iifikishe kwa mwenyewe tu.

Lebo ya awali ina biti 12, ambazo hutoa namba 4096; zinazotumika ni 4094. Kwa ofisi moja zinatosha na kubaki, kwa mtoa huduma wa nchi nzima ni haba. Tena, wateja wawili waweza kuchagua namba ileile pasipo kujuana. Ndiyo maana mwaka 2005 taasisi ya IEEE iliidhinisha kiwango cha 802.1ad, kinachomruhusu mtoa huduma kuweka lebo yake juu ya ile ya mteja, mithili ya bahasha ndani ya bahasha. Mwaka 2008 kikafuata 802.1ah, chenye kitambulisho cha huduma cha biti 24: nafasi zaidi ya milioni 16.

Ufundi huo siudharau. Hata hivyo, lebo haifichi kitu. Yasiyosimbwa husafiri wazi, na mwenye mamlaka juu ya swichi aweza kuyanakili. Fundi akikosea namba moja tu, fremu za mteja huyu zaweza kumfikia yule, bila mdukuzi yeyote kuhusika.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na ya 31 ya Katiba ya Kenya zinalinda faragha. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini majibu ya vipimo vya mgonjwa yanapopita kwenye swichi ya pamoja, haki hiyo yote huning'inia kwenye uangalifu wa fundi mmoja wa zamu.

Wapo watakaosema kila taasisi ya umma ijengewe mkongo wake. Siafiki. Kushirikiana nyaya hupunguza gharama, na fedha ya umma ina kazi nyingi. Kosa letu ni kukodi chumba bila kuuliza kuta zinaishia wapi.

Basi, mtumishi wa umma unayeandaa zabuni, usiishie kwenye kasi na bei. Mkataba ueleze wateja wanatenganishwaje, nani hukagua mipangilio ya swichi na baada ya muda gani, na mteja ataarifiwa lini mpaka ukivunjika. Zaidi ya hayo, taasisi isimbe taarifa zake kabla hazijatoka mlangoni, na ufunguo ubaki mikononi mwake. Siri ya mwananchi ni amana. Haikabidhiwi kwa mwenye nyumba kwa kuwa tu tumemlipa kodi.