Haki ya Kumsoma Anayekupinga

Mwaka 1965 serikali ya Tanzania iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova. Mpaka walipoandikishwa tena mwaka 1987, waliodumu katika imani yao walikutana kwa siri, na maandishi yao yakawa ya kusomwa kwa kificho. Leo, Karagwe na Kyerwa kama kwingineko nchini, wanabisha hodi mchana kweupe wakiwa na Biblia na Mnara wa Mlinzi mkononi, na sheria iko upande wao. Julai 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi wa Mbeya waliofukuzwa na kuadhibiwa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa.

Jarida hili linaufurahia uhuru huo kwa moyo wote. Kwa sababu hiyohiyo linasema wazi kwamba watu waliowahi kunyimwa kusoma na dola hawastahili kunyimwa kusoma na viongozi wao wenyewe.

Toleo la Mnara wa Mlinzi la Julai 15, 2011 liliwaeleza wasomaji namna ya kuwakwepa “waasi-imani”, yaani watu waliokuwa Mashahidi wakatoka na sasa wanapinga mafundisho. Wasikaribishwe nyumbani. Wasisalimiwe. Vitabu vyao visisomwe, vipindi vya televisheni wanavyoonekana visitazamwe, tovuti zao zisifunguliwe. Makala hiyo iliwataja kuwa wagonjwa wa akili, ikitegemea barua ya kwanza ya Paulo kwa Timotheo. Hapo ndipo katazo linapopata nguvu. Mwenye hoja unaweza kumjibu, lakini ukishaambiwa kuwa ni mgonjwa, hoja yake huna haja hata ya kuisikia.

Wanaokataza wana sababu, tena si ya kudharau. Wanaamini uzima wa milele wa muumini uko hatarini, na mchungaji anayeamini hivyo atakuwa mkali. Ila ukali huo unamzuia muumini hata kupima kama hatari yenyewe ipo.

Mfano ni Raymond Franz. Huyu hakuwa mpita njia. Alikuwa mmishonari katika visiwa vya Karibi, akashiriki kuandaa kamusi kubwa ya Biblia ya Mashahidi, akaketi katika Baraza Linaloongoza, chombo chao cha juu kabisa, hadi alipojiuzulu mwaka 1980. Mwaka uliofuata alitengwa na ushirika baada ya kula chakula na mwajiri wake, mtu aliyekuwa amejiondoa. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1983 kinasimulia maamuzi ya Baraza hilo yalivyokuwa yakifanywa, kikiwemo kisa cha mwaka 1975, ambao Mashahidi wengi duniani walitazamia kwamba ungeleta mwisho wa mfumo huu wa mambo. Habari hiyo si uzushi wa maadui, maana Mnara wa Mlinzi lenyewe, toleo la Machi 15, 1980, lilikiri kwamba maandishi ya kundi yalichangia matumaini hayo. Shahidi akivisoma vyote viwili kwa pamoja anaweza kuamua mwenyewe kama Franz ametia chumvi. Katazo linamnyang'anya nafasi hiyo ya kulinganisha.

Na bei ya kulivunja ni kubwa. Kusoma tu kunaweza kuishia kwenye maswali ya wazee wa kutaniko, lakini anayeshikilia alichokisoma na kukisema mbele za watu yuko hatarini kuondolewa kutanikoni. Mwaka 2024 masharti yalilegezwa kidogo: aliyeondolewa anaweza kusalimiwa kwa ufupi na kualikwa mkutanoni. Mwasi-imani hakuguswa na nafuu hiyo. Mtu wa Kihanga, hapa Karagwe, anajua maana yake pasipo kuelezwa. Mahali ambapo jirani ndiye wa kukusaidia kuchuma kahawa, kukupelekea mgonjwa zahanati na kukuchimbia kaburi, kunyimwa salamu na ndugu zako wa imani, labda na mama yako mzazi, ni adhabu nzito mno kwa kosa la kufikiri.

Wapo wanaosema dini isiyozuia vitabu itabomoka. Kagera ina ushahidi wa kinyume. Kanisa Katoliki lilikuwa na orodha yake ya vitabu vilivyopigwa marufuku tangu mwaka 1559. Kardinali Laurean Rugambwa, mzaliwa wa mkoa huu, alikuwa miongoni mwa maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungwa Desemba 1965. Mwaka uliofuata Roma iliiondolea orodha ile nguvu ya sheria. Wakatoliki hawakutawanyika. Mwaka 2008 hapa Karagwe kulizaliwa jimbo zima, Kayanga.

Kuna hatari ya kueleweka vibaya hapa. Tangu Kanungu, Machi 17, 2000, mamia walipoteketea kanisani kusini-magharibi mwa Uganda, na zaidi tangu vifo vya waliofunga kula huko Shakahola, Kilifi nchini Kenya, vilivyofichuka mwaka 2023, wengi wanataka serikali iwe na mkono mzito kwa kila kikundi chenye msimamo mkali. Mashahidi hawafanani na watu wale hata kidogo, na kuwatia katika kapu moja ni dhuluma. Jarida hili halimwombi mkuu wa wilaya afunge Jumba la Ufalme lolote. Linawaomba wazee wa makutaniko wamwache muumini asome, aulize, na abaki kuwa ndugu yao hata jibu lisipomridhisha. Wasiokubaliana na ombi hili wakiandika, majibu yao yatachapwa mazima katika toleo lijalo.